Mraibu Asiyefilisika

Jumatatu ya 9 Julai 2012 polisi wa London walisimamisha gari lililokuwa likiendeshwa ovyo. Kwenye usukani alikuwa mwanamume wa miaka 49. Ndani ya gari walikuta kiko cha kuvutia kraki, ile kokeni inayopikwa mpaka ikawa vipande vigumu kama changarawe, pamoja na barua ambazo hazijafunguliwa zenye jina la mke wake. Wakaenda nyumbani kwake Cadogan Place, mtaa ambao nyumba moja hununuliwa kwa makumi ya mamilioni ya pauni. Humo mlikuwa na sehemu ambayo wafanyakazi wa nyumba walikatazwa kuingia, na huko ndiko polisi walikokuta, chini ya rundo la nguo na mifuko ya plastiki, mwili wa Eva Rausing, mwanamke wa miaka 48, mama wa watoto 4. Alikuwa amefariki miezi 2 kabla. Siku yenyewe ilijulikana kwa sababu alikuwa amewekewa kifuani kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, na kumbukumbu za kifaa hicho zilionyesha kuwa moyo ulisimama asubuhi ya 7 Mei.

Mume huyo, Hans Kristian Rausing, ni mjukuu wa Ruben Rausing, Mswidi aliyeanzisha kampuni ya Tetra Pak mjini Lund mwaka 1951. Msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu kazi ya familia hii hata kama jina hajawahi kulisikia. Mkenya aliyekuwa shule ya msingi miaka ya 1980 anayakumbuka maziwa ya Nyayo, mpango aliouanzisha Rais Moi mwaka 1979, na zile pakiti za karatasi zenye pembe ambazo watoto walizitoboa kwa meno. Umbo lile ndilo lililoipa kampuni jina lake. Wazungu waliokunywa maziwa hayo hayo miaka 20 kabla yetu walikuwa wamekwisha kuifanya familia ya Rausing kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ulaya, na mwaka 1995 baba yake Hans Kristian alipomuuzia nduguye hisa zake, watoto wakabaki na mali ambayo mtu hawezi kuimaliza hata akiamua kuitupa baharini.

Habari ilipofika magazetini, watu walikata hukumu kabla ya mahakama. Walikuwa na kila kitu, wakakichezea, sasa wasilie. Aliye juu mngoje chini. Kisha tarehe 1 Agosti mahakama ya Isleworth ikampa Rausing kifungo cha miezi 10 kilichosimamishwa kwa miaka 2, kwa kosa la kuzuia maiti isizikwe kwa heshima inavyotakiwa na sheria, na hapo likazuka lalamiko jingine: angekuwa mvuta kraki wa mtaa wa makabwela, angelala ndani. Watu walikumbushana kuwa mwaka 2008 Eva alinaswa akitaka kuingia ubalozi wa Marekani na dawa za kulevya kwenye mkoba wake, na mwisho wa yote mashtaka yakaondolewa, yeye na mumewe wakapewa onyo lenye masharti. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Hapa hata rupia haikuhitaji kupenyezwa. Kwa mtu wa aina ile, wakili mzuri na barua ya daktari bingwa hufanya kazi hiyo mchana kweupe, na kwa kufuata sheria.

Nazichukua hukumu hizi mbili kwa uzito, kwa sababu nazisikia huku kwetu kila mtoto wa mkubwa anapotajwa. Ya kwanza nadhani imekosea tangu mzizi. Ya pili ina haki ndani yake, ila inadai kitu kisichofaa.

Tumezoea kuusimulia uraibu kama habari ya upungufu: kijana hana kazi, hana baba, hana pa kulala, akakutana na unga. Simulizi hiyo si ya uongo. Huko Scotland, ambako vifo vya dawa za kulevya, kwa kulinganisha na idadi ya watu, vimekuwa vingi kuliko kwingine Ulaya Magharibi, takwimu rasmi za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa mkazi wa maeneo fukara kabisa yuko hatarini kufa kwa dawa hizo mara 15 hivi kuliko mkazi wa maeneo yenye neema. Tajiri hachangii sindano na mtu asiyemjua. Hachomwi moto na wananchi wenye hasira kwa kuiba sufuria. Hasubiri miaka rumande. Basi tuelewane mapema: umaskini unaua waraibu wengi zaidi ya utajiri, na safu hii haiombi machozi kwa ajili ya mabilionea.

Lakini kutoka hapo watu huruka hadi kwenye hitimisho kwamba mwenye nacho hana sababu ya kutumia, na kwa hiyo akitumia ni ukorofi mtupu. Ubongo haufanyi kazi hivyo. Kokeni na heroini hazijazi pengo la mshahara. Zinaingia kwenye mfumo ule ule unaotufanya tutafute chakula na mapenzi, zinaupa malipo makubwa kuliko ulivyozoea, na baada ya muda mfumo huo unashindwa kufurahia kitu kingine. Hatari ya mtu kunaswa inategemea kwa sehemu kubwa urithi wake wa damu, umri alioanza, majeraha ya utotoni, maradhi ya akili yaliyojificha, na jinsi dawa ilivyo karibu. Katika orodha hiyo sioni mahali ambapo pesa inaweka kinga. Kwenye suala la dawa kuwa karibu, pesa inazidisha hatari.

Mtafiti Suniya Luthar alikutana na jambo hili bila kulitafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akichunguza vijana wa shule za mijini Marekani wanaotoka familia za kipato cha chini, akachukua wanafunzi wa kitongoji cha matajiri kama kundi la kulinganishia tu. Kundi la kulinganishia ndilo lililomshangaza: watoto wa matajiri walikuwa wakitumia sigara, pombe na dawa nyingine kuliko wale wa mjini. Katika kazi zilizofuata alitaja mambo mawili yaliyojirudia, shinikizo la kufaulu lisiloisha na umbali wa wazazi, ule wa mwili na ule wa moyo. Anayewajua watoto wanaolelewa na dada wa kazi na dereva pale Masaki au Muthaiga hatahitaji kutafsiriwa.

Sasa nije kwenye kile ambacho pesa inakifanya hasa, nacho huonekana mtu akishanaswa.

Kraki hupanda kichwani kwa sekunde na kushuka kwa dakika. Ikishuka, mtu anaitaka nyingine papo hapo, ndiyo maana wavutaji wake huivuta kwa mfululizo, usiku kucha, siku mbili, mpaka iishe. Kwa mtu wa kawaida kinachokata mfululizo huo ni mfuko. Teja wa Manzese au Kisauni, anayetumia heroini, anaamka na arosto, mifupa inauma, pua inachuruzika, naye anaingia barabarani kutafuta pesa ya kete. Siku yake yote ni kibarua cha kutafuta, na kila siku kibarua hicho kinamgonganisha na watu wanaomwambia hapana: mama aliyeficha televisheni, bosi aliyemfukuza, mwenye duka, askari. Ukimuuliza mtu anayepanga foleni ya methadoni kilichomleta, mara nyingi hasemi aliona nuru. Anasema alichoka. Pesa zimekwisha, ndugu wamekwisha, nguvu za kukimbizana zimekwisha.

Sisemi umaskini ni dawa. Wengi hufa kabla ya kuchoka, na wanaosema mraibu aachwe ateseke mpaka akili imrudie wamezika watoto wengi kwa falsafa hiyo. Nasema tu kwamba maisha ya kawaida yana vizuizi, na vizuizi hivyo, pamoja na ukatili wake, humpa mtu nafasi za kusimama. Eva Rausing hakuwa na kizuizi hata kimoja kilichobaki. Pesa haikuisha, nyumba haikuuzwa, kazi ya kufukuzwa hakuwa nayo. Uchunguzi rasmi ulitaja kokeni na kasoro ya moyo aliyokuwa nayo tayari. Katika nyumba ile kitu pekee kilichoweza kuisha kilikuwa mwili.

Mtu aliyelifikisha jambo hili mwisho wake alikuwa Howard Hughes, Mmarekani wa ndege, filamu na mafuta, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa mmoja wa watu tajiri kabisa duniani. Tarehe 7 Julai 1946 alikuwa akiijaribu ndege ya kijeshi ikaanguka kwenye nyumba za Beverly Hills. Aliungua, akavunjika mbavu, akapewa mofini, kisha kodeini. Maumivu yalikuwa ya kweli na dawa ilikuwa halali. Mlango huo ndio wanaoupita watu wengi wa heshima zao. Kodeini haikumwacha tena kwa miaka 30.

Kilichofuata ni somo zima la jinsi mali inavyojenga upweke. Hughes alijizungushia kundi la wasaidizi ambao kazi yao ilikuwa kutii. Aliishi katika ghorofa za juu za mahoteli, madirisha yamefunikwa, mchana na usiku havitofautiani. Hoteli ya Desert Inn ya Las Vegas ilipomtaka aondoke apishe wageni wengine, aliinunua. Jamani, nani atamwambia hapana mtu anayejibu notisi ya kuhama kwa kununua jengo? Wasaidizi walimletea alichotaka, madaktari walioajiriwa naye walimwandikia alichotaka, na kila mmoja wao alijua kuwa atakayeleta ubishi kesho hatakuwepo. Alifariki tarehe 5 Aprili 1976 ndani ya ndege, akitolewa Acapulco kupelekwa hospitali Houston. Mtu wa urefu wa sentimita 193 alikuwa na uzito wa kilo 42 hivi. Picha za eksirei zilionyesha vipande vya sindano vilivyokatikia mikononi mwake. Ilibidi alama za vidole zitumike kuthibitisha kuwa ni yeye.

Mabaraza ya vijiweni husema tajiri ana marafiki wengi. Ana watu wengi, ndiyo. Lakini karibu wote wako kwenye orodha ya mishahara. Karibu nusu karne baada ya Hughes, mwigizaji Matthew Perry alikutwa amekufa nyumbani kwake Los Angeles tarehe 28 Oktoba 2023, na mwili wake ulikuwa na ketamini nyingi. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa kitabu akieleza waziwazi uraibu wake na mamilioni ya dola aliyoyatumia kutaka kupona. Agosti 2024 watu 5 walishtakiwa, na baadaye wote walikiri makosa. Wawili walikuwa madaktari. Mmoja alikuwa msaidizi aliyeishi naye nyumbani, ambaye kwa mujibu wa waendesha mashtaka ndiye aliyekuwa akimdunga, hata siku ile ya mwisho. Katika hati za mashtaka mlikuwa na ujumbe wa simu ambao daktari mmoja alimwandikia mwenzake akijiuliza huyu mjinga atakubali kulipa kiasi gani.

Ujumbe huo naurudia moyoni mara kwa mara, kwa sababu unaonyesha upande wa uraibu wa matajiri ambao masengenyo hayaugusi kamwe. Kwa muuza kete, teja wa mtaani ni mteja mdogo mwenye usumbufu. Mraibu tajiri ni shamba. Kuna watu wanaomlima: daktari asiye na aibu, kliniki ya kifahari isiyotaka apone haraka, rafiki wa pembeni anayekula naye. Wanaomzunguka wana sababu ya kifedha ya kumwacha alivyo, na wale wachache wasio na sababu hiyo, yaani ndugu, wanawekwa nje ya geti.

Familia ya Rausing ilijaribu. Mwaka 2007 dada yake Hans Kristian, Sigrid Rausing, mchapishaji anayejulikana kwa jarida la Granta, alipewa na mahakama malezi ya watoto wote 4. Miaka 10 baadaye aliandika kitabu, Mayhem, kuhusu yaliyoipata familia. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni swali moja linalozungushwa bila kutulia: tungefanya nini kingine? Hans Kristian na Eva walikutana katika kituo cha matibabu Marekani miaka ya 1980, wote wawili wakitafuta kupona, na walikaa safi zaidi ya miaka 10. Walioana 1992, wakazaa, wakachangia asasi za kupambana na dawa za kulevya. Anguko lilianza usiku wa kuamkia mwaka 2000, kwa glasi ya shampeni. Wanaosema walikuwa wakichezea tu mali yao hawana nafasi ya kuiweka miaka hiyo ya usafi katika hesabu yao, kwa hiyo huiruka.

Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza. Ya pili, ya upendeleo wa sheria, ina mashiko zaidi.

Ushahidi wake bora uko Marekani. Juni 1986 mchezaji chipukizi wa mpira wa kikapu, Len Bias, alikufa kwa kokeni, nchi ikapandwa na hofu, na Bunge likapitisha sheria kwa haraka ya miezi michache. Kwa sheria hiyo gramu 5 za kraki zilitosha kumpa mtu kifungo cha lazima cha miaka 5. Kwa kokeni ya unga, kifungo hicho hicho kilihitaji gramu 500. Kemia ni ile ile. Kraki ni kokeni ya unga iliyopikwa na magadi. Tofauti ilikuwa ni nani anavuta nini. Ya unga ilikuwa ya sherehe za mawakili na wachuuzi wa hisa, kraki ilikuwa ya mitaa ya Weusi maskini. Ilichukua miaka 24, hadi 2010, uwiano huo wa 100 kwa 1 kupunguzwa ukawa 18 kwa 1. Kwamba hatimaye kraki hiyo ya makabwela ilikutwa ikivutwa na warithi wa mabilioni katikati ya London ni jambo ambalo waliotunga sheria ile wangeshindwa kulipangia kifungu.

Kwa hiyo mwenye kuuliza kwa nini Rausing hakufungwa anauliza swali la haki. Ugomvi wangu ni pale anapotaka jibu liwe kumfunga. Fikiria alichofanya mtu yule: aliishi miezi 2 nyumba moja na maiti ya mkewe, kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe mahakamani kwa maandishi, hakuweza kukubali kwamba amekufa. Huyo ni mgonjwa. Jaji alimpa sharti la matibabu na kitisho cha kifungo juu ya kichwa, na kwa kadiri ya kumbukumbu za hadharani Rausing alipona, akaoa tena mwaka 2014, na yeye na mke huyo wa pili wakaanzisha mfuko uliotoa mamia ya mamilioni ya pauni kwa mahospitali, makumbusho na wasiojiweza. (Sadaka huosha sifa, najua. John Paul Getty wa pili, ambaye heroini ilimla miaka na miaka, alitoa pauni milioni 50 kwa National Gallery ya London mwaka 1985, mwaka uliofuata akapewa nishani, na tangu hapo watu wakamwita mfadhili. Hilo nalo ni aina ya hukumu, ya kulipia.) Upendeleo aliopewa Rausing ndio tiba iliyopaswa kupewa mvuta kraki wa mtaa wa pili. Dhuluma iko kwa yule wa pili.

Wala huruma peke yake haitoshi. Onyo la 2008 lilikuwa huruma, na miaka 4 baadaye Eva alikuwa maiti. Kilichokosekana kinaonekana vizuri ukiwatazama madaktari wa Marekani. Daktari akigundulika kuwa mraibu, majimbo mengi yana mpango maalumu: kwa kawaida haadhibiwi mradi akubali matibabu, kisha anafuatiliwa kwa miaka 5, anapimwa mkojo kwa kushtukizwa, na akiteleza leseni yake iko hatarini mara moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia madaktari 904 katika mipango 16 ya namna hiyo. Kwa miaka 5 hiyo, karibu 8 kati ya kila 10 vipimo vyao havikuonyesha dawa hata mara moja. Katika fani yetu ya kutibu uraibu, matokeo ya namna hiyo ni ya kuota. Madaktari hawakupata dawa ambayo wengine hawana. Walipata heshima, muda mrefu, na mtu mwenye mamlaka ya kuwaambia hapana akamaanisha.

Ukiligeuza hilo upande wa pili utaona kwa nini kliniki za kifahari zinashindwa mara nyingi. Zurich ipo inayopokea mgonjwa mmoja tu kwa wakati mmoja, na mpishi wake na nyumba yake. Heshima ipo tele. Lakini mgonjwa ndiye anayelipa, na anayelipa ndiye bosi, na bosi akisema leo nimechoka naondoka, begi lake linabebwa mpaka garini. Mwenye ndege yake hana hata haja ya kusubiri ratiba.

Huku kwetu nako tumegawana hukumu kwa mtindo wetu. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili Februari 2011, Zanzibar na pwani ya Kenya zikafuata mwaka 2015, na huduma hiyo ni bure. Ni kazi ya kujivunia, na waliofaidika nayo ni watu wa chini kabisa. Mtoto wa tajiri haonekani kwenye foleni ile. Anaogopa kuonwa. Akipanga foleni mbele ya dirisha, mbele ya watu, jina la baba yake litafika mjini kabla ya saa sita. Februari 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitaja hadharani orodha za majina ya watu akiwataka wafike polisi, wakiwemo wasanii maarufu na baadaye wafanyabiashara na wanasiasa. Mtaani wengi walishangilia: hatimaye na wakubwa wanaguswa. Naielewa furaha ile. Lakini orodha ile iliwachanganya waliotuhumiwa kuuza na waliotuhumiwa kutumia kwenye kapu moja, na kwa familia zenye uwezo funzo lilikuwa jepesi: ficha zaidi.

Na wanaficha. Desturi ya familia hizo ni kusema kijana kaenda masomoni India au Afrika Kusini. Anakaa miezi 3 kwenye kituo kizuri, anarudi amenenepa, watu wanasoma dua ya shukrani, na anarudishiwa chumba kile kile, gari lile lile na simu yenye namba zile zile. Hakuna anayempima. Hakuna anayemuuliza, kwa sababu kumuuliza ni kukiri kwamba hakwenda masomoni. Mwili uliokaa miezi 3 bila heroini umepoteza uzoefu wake, na kipimo alichokuwa akikimudu zamani sasa kinamuua. Hatari ya kufa kwa heroini hupanda sana katika majuma ya kwanza baada ya mtu kutoka kituoni au gerezani. Siri iliyolinda jina ndiyo inayommaliza.

Wazazi wenye uwezo wanaponiuliza ni kituo gani bora, nawajibu kwa kuwauliza nani atakayekuwa na mamlaka juu yake akirudi. Kimya kinachofuata huwa kirefu. Baba yuko safarini. Mama humpa pesa kwa siri. Mjomba anamwogopa. Mtu pekee anayejua kila kitu, saa anazotoka, nyumba anayosimama, nani anamletea, ni dereva, na dereva hana ruhusa ya kuongea. Hughes alikuwa na watu kama dereva huyu, Perry pia. Wafanyakazi wa Cadogan Place walijua kuna mlango wasiopaswa kuufungua. Kwa dereva wetu hali ni mbaya zaidi, kwa maana siku polisi watakapolisimamisha gari akiwa ametumwa peke yake, kete zitakuwa mfukoni mwake, si mwa bosi, na mashtaka yatasomwa kwa jina lake.

Hivyo siku hizi nashauri kitu ambacho hakiwapendezi wengi: kabla ya kununua tiketi ya Mumbai au Cape Town, mwiteni dereva. Mhakikishieni mbele ya familia nzima kwamba kazi yake na mshahara wake haviguswi kwa atakachokisema, na kwamba kuanzia leo ana haki ya kukataa kutumwa. Kisha msikilizeni. Halafu kaeni chini muamue nani atashika pesa, nani atasimamia vipimo vya mkojo, na kwa muda gani. Miezi 3 haitoshi. Madaktari wa Marekani walifuatiliwa miaka 5, nao walikuwa watu wazima wenye leseni za kupoteza.